Maana ya Pobijoi

Kisarawe,
3 Mei 2025

Babu yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba miguu iwe imepungua kuvimba, na shangazi Juliana awe amekurudishia chumvi kidogo kwenye mboga. Huku kwetu Bertha amejifungua mtoto wa kike Jumanne. Mama na mtoto hawajambo, ila mtoto analia kama kinanda kibovu cha parokia.

Ningekupigia simu, lakini mara ya mwisho nilikuuliza umekula nini ukanijibu, "Asante, na wewe upite salama." Basi nimerudi kwenye kalamu. Barua anakuletea Onesmo, anayepeleka mananasi Kibaha.

Babu, mtoto tutamwita Furaha. Tangu mdogo ulinifundisha kwamba Pobijoi kwa Kiingereza cha zamani ni furaha, na kwamba Mzungu wa misitu alimwachia baba yako, Mzee Wilbrod, jina hilo. Padre amekubali niisome habari hii kanisani siku ya ubatizo, Jumapili ya Pentekoste. Shida ni kwamba nimelitafuta jina mtandaoni, sikulipata. Pobijoi duniani ni sisi tu, pamoja na duka la nguo la shangazi hapo Mbwawa.

Nataka pia niwatafute jamaa za yule Mzungu, niwaambie jina lao limezaa huku. Kaka Michael anasema labda tuna damu yao. Nimemwambia aanze kwa kujitazama kwenye kioo.

Niandikie jina lilivyoandikwa na wenyewe, na maana yake kamili.

Mjukuu wako,
Justin


Mbwawa, Kibaha,
19 Mei 2025

Mjukuu wangu Justin,

Marahaba. Nimefurahi kusikia habari za mtoto, na Bertha mpe pole na hongera. Mimi nipo. Daktari amenirudisha nyumbani kwa maneno laini, na daktari akianza kulainisha maneno, mtu mzima huelewa. Kwa hiyo soma barua hii ukiwa umekaa.

Jina lile huandikwa Pobjoy. Karani wa parokia aliandika alivyosikia. Ni jina la nadra. Hata Uingereza wapo wengi wasiopata kukutana nalo. Na maana yake si furaha.

Mwaka 1959 nilikuwa chuo cha ualimu. Maktaba ilikuwa na kamusi moja kubwa, ya kuinuliwa kwa mikono miwili. Nikalitafuta jina letu kwa majivuno. Nikakuta: kasuku. Na tena, mtu wa kujipamba na kupayuka maneno asiyoyafikiri.

Justin, baba alikuwa mkalimani wa Bwana Pobjoy katika msitu wa Kazimzumbwi. Mzungu akisema, baba anasema. Alikuwa na koti kuukuu la Mzungu huyo, akilivaa Jumapili hata wakati wa joto. Pale maktaba nikaliona lile koti, nikaisikia ile sauti ikirudia maneno ya mwingine, nikaelewa kwamba Mzungu alimtania baba yangu, na baba akaupokea utani kama zawadi, akauandikisha kanisani, akatupa sisi wanawe tuubebe.

Nilirudi likizo. Baba alikuwa uani akichonga mpini wa shoka. Akaniuliza bila kuinua macho, "Mwalimu, wewe sasa una kamusi. Jina langu lina maana gani?"

Nikasema, "Furaha, baba." Mwisho wa jina unasikika hivyo kwa Kiingereza, na sikuwa na muda wa kutafuta lingine.

Alicheka. Alicheka mpaka akaweka shoka chini. Niliona nimefanya vema. Tangu hapo kila harusi yetu mshereheshaji anasimama kuutangaza ukoo wa furaha, watu wanapiga vigelegele, nami natazama viatu vyangu. Baba alikufa akijiita Furaha. Nimemzika na uongo wangu.

Sasa unataka kuusoma mbele ya altare na kumvika mtoto. Sina nguvu ya kuuacha uende mbali hivyo. Usiwaandikie Wazungu. Usisome kitu. Mtoto mpe jina lolote la mtakatifu, na hili letu mkitaka liacheni lifie kwangu.

Nisamehe, kama unaweza kabla ya Pentekoste.

Babu yako,
Melkiori


Kisarawe,
1 Juni 2025

Babu,

Shikamoo. Shangazi amenitumia ujumbe kwamba sasa unalala umekaa. Tunakuombea, na mtoto naye anakesha pamoja nawe, ingawa hajui sababu.

Nilichelewa kujibu kwa kuwa nilikasirika. Bertha alikwishaagiza keki yenye jina. Nilipomsomea barua yako alisema, "Kwa hiyo mimi nimeolewa na kasuku. Ndiyo maana hunyamazi." Hapo hasira ikaanza kupungua.

Nimelitafuta Pobjoy mtandaoni. Ni kweli, chanzo chake ni kasuku. Lakini wameandika kwamba zamani huko kwao walikuwa wakisimamisha kasuku wa kuchongwa juu ya mlingoti na kumlenga kwa mishale, na huenda aliyempata aliitwa hivyo. Wengine wanasema aliitwa hivyo mtu msemaji, au mwenye nguo za rangi. Kwa hiyo hata wao walianza kwa kutaniwa.

Hilo halikunitosha. Jumamosi nikaenda Kazimzumbwi kwa Bi Hajira, binti wa baba yako mdogo Seif, aliyekuwa mpishi wa kambi ya yule Mzungu. Amepita tisini, lakini ulimi wake una miaka ishirini. Nikamwambia kila kitu.

Akaniuliza, "Kwani Melkiori hajui?"

"Hajui nini, bibi?"

"Wilbrod tangu barobaro wakimwita Kasuku. Kabla Mzungu hajaja. Alikuwa akiiga watu wote, mpaka shehe, mpaka padre. Siku moja kambini akamuuliza Mzungu, Bwana, jina lako kwenu lina maana gani? Mzungu akaona haya. Akasema, ni yule ndege wenu wa kijani anayemaliza mahindi. Mie nilikuwapo, nachambua mchele. Wilbrod akamrukia mkono: Wajina! Toka siku hiyo hawakuitana jina jingine. Wajina kakohoa, wajina kala, wajina kalala. Mzungu alipohamishwa ndipo wakabadilishana: huyu akachukua koti na jina, yule akaenda na kofia ya ukindu na kuitwa Bwana Kasuku mpaka anapanda gari."

Nikauliza, kama alijua, kwa nini alikuuliza wewe?

"Alimtegea kitendawili. Alitaka mtoto afungue kamusi, acheke, waje wacheke wote. Akaja hapa jioni ile, machozi ya kicheko hayajamkauka. Akamwambia baba yangu, Mwalimu wetu amesoma vitabu vyote ila uongo hajausoma. Jicho limemkimbia kama panya. Amenionea haya, akanisitiri. Basi tangu leo mimi ni Furaha."

Nikasema, na hakuna aliyemwambia babu miaka yote hii?

Akanikazia macho. "Utamwaibishaje mtoto aliyekusitiri?"

Babu, hukumzika na uongo. Mlisitiriana. Sasa uamuzi naurudisha kwako, jina ni lako. Padre anasubiri jibu mpaka Ijumaa.

Mjukuu wako,
Justin


Mbwawa,
4 Juni 2025

Justin,

Marahaba. Anaandika Juliana, mimi nasema, kwa hiyo leo yeye ndiye kasuku. Amekasirika lakini ameandika.

Nimesomewa barua yako mara mbili. Mara ya kwanza nililia. Ya pili niliona shoka linawekwa chini, nikasikia kile kicheko, mimi nisiyesikia hata radi. Kwa miaka yote nilidhani ninajua alichokuwa anakicheka.

Mwiteni Furaha. Furaha Pobijoi, kwa herufi za karani wetu. Kanisani soma yote, na Mzungu na koti lake, na mimi na jicho la panya. Jamaa zake waandikie. Waulize kama kofia ya ukindu ipo.

Baada ya ubatizo mleteni. Msinipigie kelele sikioni, haisaidii. Mwekeni tu kifuani, nitajua anasema nini, maana kasuku husema alichoambiwa. Mwambieni aseme shikamoo.

Na jibu lake Juliana aliandike hapa mapema, lisije likachelewa:

Marahaba, wajina.

Babu