Muuza Samaki Chini ya Meli

Nekesa,

Miaka miwili hujakanyaga hapa kwetu Najma, umekatwa miguu? Mama yako katoka zamu hospitalini, ananiandikia haya ninayosema. Ndugu yako kaota meno, anauma kila mtu.

Swali lako limenishtua. Ati wakwe wakiuliza mimi nyanya yako nilifanya kazi gani, useme nini?

Nilipokuwa yaya kwa wazungu kule Kitale, sebuleni palikuwa na picha ya kuchorwa ya meli ya biashara, imetia nanga bandari ya zamani ya Uingereza. Siku moja nikiipangusa vumbi, nikaona chini ya meli mwanamke mzungu, miguu mitupu kwenye matope, kapu la samaki kichwani. Nilipiga yowe! Nilidhani wazungu huzaliwa na viatu.

Memsabu akaja mbio. "Nini?"

"Mzungu anabeba mzigo!"

Akaangalia mlango, akaninong'oneza: "Nyanya yangu aliuza samaki bandari hiyo. Usimwambie Bwana."

Nikarudi kuipangusa picha. Nyumba kubwa vile, na nyanya yake hana hata pa kutajwa.

Ukija na huyo mchumba, simama naye mlangoni umwambie nikisikia: "Huyu ni nyanya yangu, alifua nepi za watu." Ndipo nitamimina chai.