Kofia Nyekundu Mawimbini

Haarlem, Novemba 1653

Wifi Neeltje,

Samaki wako wa chumvi wamefika, asante. Ila kaka yako Joris amenichosha! Nyumba nzima inanuka mafuta ya rangi, na mteja wa tatu ameondoka bila picha. Watu wa hapa wanapenda picha za dhoruba, lakini lazima mawingu yaachane kidogo, mwanga upite, ionekane Mungu hajawasahau mabaharia. Yeye hataki.

"Baba Wouter, weka japo upenyo mmoja," nikamwambia.

"Bahari hii haina upenyo. Kama wewe unauona, uchore mwenyewe!"

Kila picha ni ileile: meli inazama, na mtu mdogo kama siafu ameng'ang'ania mlingoti, kichwani kofia nyekundu. Kofia hiyo niliifuma mimi. Wouter wetu aliivaa siku aliyoondoka na wawinda nyangumi. Meli nyingine zote zilisharudi tangu Septemba.

Basi jana, kwa hasira, nikashika brashi nikapaka mwanga mawinguni, nikakaa kusubiri matusi.  Leo asubuhi nimekuta Joris amemgeuza yule mtu mdogo, sasa anautazama mwanga.

Ni mimi wifi yako, vidole bado vya njano,
Machteld