Ujumbe wa Babu Kutoka Matema

Mama,

Ugonile. Ndivyo ulivyokuwa ukiniamkia kila asubuhi, na nimeandika kabla sijafikiri kwamba ni kukuuliza umelalaje.

Nina ujumbe wako. Babu alinipa siku ile ya Matema na sikuufikisha. Ndiyo sababu nakuandikia, usidhani nimekuwa msemaji.

Unawakumbuka wale wageni wazee wa Afrika Kusini, mume na mke? Walilala siku tatu pale nyumba ya wageni ulikokuwa unapika, ukaniita nitafsiri, maana Kiingereza changu cha kidato cha pili ulikiona kikubwa sana. Yule mama akakuonyesha kitabu cha picha za likizo zao: miji ya pwani, mashamba ya zabibu, meza za vitambaa vyeupe katikati ya mizabibu, watu wanakula samaki na kunywa mvinyo. Ukauliza, "Yaani hawa wanaenda shamba kupumzika? Sisi si tunapumzika tukitoka shamba?" Nikatafsiri. Wakacheka mpaka mzee akavua miwani. Halafu ukasema, "Waambie na mimi pwani ninayo, hapo chini ziwani Matema, ila sijawahi kuiona." Hilo sikulitafsiri. Niliona aibu, sijui ya nini. Niliwaambia unashukuru kwa wao kuja.

Baba ndiye aliyelichukua neno lako. Baba mdogo alikuwa ameshanunua ile pikapu ya mtumba, ikapangwa siku ya pili ya Krismasi twende wote Matema. Ukashona gauni. Kisha Babu akaleta habari kutoka Kisondela kwamba na yeye anakuja, hajaliona ziwa tangu ujana wake. Na gari lilikuwa moja.

Hakuna aliyekwambia ubaki. Kwa mila yetu mkamwana hapandi gari moja na baba mkwe, hali naye, hasemi naye. Miaka kumi na sita ukimwona anakuja unapita nyuma ya migomba. Nilitaka kusema jamani, si twende kwa zamu? Badala yake nikabeba sufuria nikapanda. Ulikuwa umejifungia jikoni. Kabla sijapanda uliniambia kupitia upenyo wa mlango, "Nenda mwanangu. Angalia kila kitu, utanisimulia."

Mama, milima inashuka mpaka ndani ya maji. Mchanga unaunguza nyayo. Samaki wanachomwa pale pale, wadogo, unatafuna na mifupa. Niliogopa kuingia ziwani, watoto wa baba mdogo wakanicheka, "Ingia Atu, maji hayana meno." Babu akasema, "Mamba anayo. Mwacheni."

Tukafungua mbalaga yako. Ndizi zilikuwa bado za moto, na maharage yake. Babu alikula, akaongeza, akaongeza tena. Halafu akaniita pembeni. "Mwambie mama yako, ndaga fijo, asante sana. Nimekula mkono wake miaka yote hii sijawahi kumshukuru. Mwambie mwakani magari mawili. Yeye atangulie. Mimi nitakuja na la nyuma, nitakaa kule kwenye mawe. Ziwa si ni kubwa?"

Huo ndio ujumbe.

Tuliporudi ukaniuliza, "Enhe, pwani yangu ikoje?" Nikasema nzuri. "Nzuri tu?" Nikasema nimechoka, nitakusimulia kesho. Sikuwa nimechoka, Mama. Ulikuwa umevaa lile gauni jipya, umekaa unasubiri. Nilikuonea huruma, na huruma ikanitia hasira, na hasira nikaimalizia kwako. Kesho yake kulikuwa na wageni. Kesho kutwa homa ikakuanza. Wodini palikuwa na watu kila saa, na mbele za watu unanijua. Nikawa nasubiri tubaki wawili.

Sasa shangazi ndiye anayepika. Baba anakula anachopewa. Nyumba ya wageni wameniuliza mbalaga yako ulikuwa unaanza na nini, sikujua. Nilikuwa nakaa humo humo jikoni nasoma.

Siku ya kukuzika, Babu alisimama karibu yako kuliko siku zote. Baadaye akaniita. "Ulimwambia?"

Nikasema ndiyo, Babu.

"Akasemaje?"

Nikasema ulicheka.

Tangu hapo kila Jumapili ananiuliza. "Hebu, alicheka vipi?" Hakuwahi kukusikia ukicheka, maana akija ulikuwa unanyamaza. Basi nacheka kicheko chako, kile cha kuziba mdomo kwa kiganja, na yeye anafumba macho. Baba mdogo anasema siku hizi walau analala. Anasema bora hata ile shukrani ya Babu ilikufikia mapema. Nami niko hapo nimeshika kikombe chake cha chai, siwezi kusema, siwezi kuondoka.

Nikimwambia ukweli nitamnyang'anya kitu pekee alichobaki nacho kwako. Nisipomwambia, atakuwa anamshukuru mtu niliyemtunga mimi, na wewe utabaki hujashukuriwa. Mara mbili nimekwenda nimedhamiria, mara mbili nimecheka.

Jumapili hii nitamwambia. Nimekuahidi kwa maandishi ili nisiweze kugeuka. Nitamwambia hukusikia hata neno moja, na kwamba kosa halikuwa lako wala lake. Akiuliza kwa nini, nitamwambia niliona aibu. Sina jibu lingine, Mama, nimelitafuta.

Kwa heri. Pumzika.

Mwanao,
Atu