Tumbo Lina Wenyewe

Bi Mkubwa Mwanashamba,

Salamu za makaburini umeshapewa na wengi. Mimi mke mwenzio nakuandikia kwa harufi za Kiarabu za chuoni, zilezile ulizokuwa ukinicheka kwamba nazipinda kama jongoo, kwa sababu nina neno, na kulisema kwa mdomo siwezi hata mbele ya kaburi lako.

Nakuonea wivu. Nilikuonea ukiwa hai, nikadhani ukifa utaisha. Mwezi wa tatu huu tangu homa ikuchukue, na bado.

Unajua mwenyewe. Bwana wetu hakunywa chai ila ya maziwa ya Subira, ng'ombe wako. Maziwa ya Pambo wangu yalikwenda kuuzwa Ngamiani. Tulipokuzika nikasema sasa zamu yangu, maana ufunguo wa ghala la chakula cha ng'ombe ulinijia mimi. Wewe ulikuwa ukiwapimia chenga za mahindi konzi kwa konzi, leo moja, keshokutwa mbili. Nilipokuomba Pambo aongezewe ukanijibu, "Tumbo lina wenyewe, mdogo wangu. Hawaingiliwi bila hodi."

Hebu niambie, mke wa pili akiambiwa hivyo na mke wa kwanza, aelewe nini? Nilijua ni fumbo. Nyumba ina wenyewe, nami nimeingia bila hodi! Nikaenda Ngamiani nikanunua kanga ya kukujibu: UFUNGUO KAA NAO, MWENYE NYUMBA NINAYE. Siku tatu nilikatiza nayo mbele yako kila ukikaa kukamua. Ukaisoma, ukasema rangi yake imenikaa vizuri. Loo, nusura nilie kwa hasira.

Basi siku ya kwanza ya kushika ufunguo nikamtilia Pambo ndoo nzima ya chenga, nipate maziwa ya kumsahaulisha bwana wetu yale ya kwako. Asubuhi yake Pambo hali, hacheui, tumbo limejaa, anaharisha maji yananuka uchachu. Bwana wetu alikuwa anaondoka kwenda Muheza, dada yake kasimama pale. Bwana akaniuliza, "Kalishwa nini huyu?" Nami, Mungu anisamehe, nikasema, "Hakulishwa kitu. Ni kijicho cha marehemu."

Ndiyo. Nilikusingizia wewe uliye mchangani.

Adhuhuri akaja bwana mifugo, kijana wa Kishambaa. Akanieleza kwamba tumboni mwa ng'ombe mna vijidudu visivyoonekana kwa macho, na hivyo ndivyo vinavyochachusha chakula. Kila chakula kina chachu yake. Vilivyozoea majani hutengeneza chachu ya kuvunja majani. Ya mahindi havihangaiki nayo mpaka mahindi yafike, na hata yakifika vinahitaji siku kadhaa kubadili kazi. Ukimimina ndoo nzima, vile vipendavyo wanga hukurupuka na kuzaana, tumbo likageuka siki, vingine vikafa. Ndiyo maana huanza kwa kidogo, akasema. Alipofika hapo sikumsikia tena. Nilikusikia wewe.

Mwanashamba, kumbe hukuwa umenifumbia. Ulikuwa unasema habari za tumbo! Na hukuvisomea hivyo vijidudu, ulijua kwa mkono tu. Hilo nalo nalionea wivu.

Yule kijana akamnyang'anya Subira majani aliyokuwa anacheua, yenye vijidudu vizima, akayakoroga na maji ya uvuguvugu, akamnywesha Pambo kwa chupa, siku tatu. Hata dawa ikatoka mdomoni mwa ng'ombe wako. Siku ya nne Pambo akacheua.

Bwana wetu aliporudi nikauacha uongo wangu usimame. Jina lako halitaji tena. Tangu hapo Ijumaa hafiki kaburini, nawe umeona. Miaka tisa nilikitamani hicho, nikakipata, na usidhani nilijuta. Nilifurahi. Nilijifukiza udi, nikaimba jikoni.

Lakini juzi kasema atampeleka Subira akauzwe Horohoro, hataki kitu chako chenye kijicho uani kwake. Nikamtazama yule ng'ombe, kasimama anatafuna zake, hana habari. Nikashindwa.

Nakuahidi. Kesho, akitoka sala ya Ijumaa, nitamwambia mbele ya wifi yetu aliyenisikia. Ndoo ilikuwa yangu na uongo ulikuwa wangu. Subira hauzwi.

Najua kitakachofuata. Ataona haya, kisha atakulilia upya kuliko siku ile ya mazishi, na atakuja kwako mbio hata viatu asivae vizuri. Mimi nitakuwa mlangoni namtazama mgongo.

Kwaheri, Mwanashamba. Mpokee. Lakini usimkawize.

Mke mwenzio,
Bi Mdogo