Kikombe cha Barafuni

Jumatatu, 2 Machi
Vibali vya Antaktika vimenichosha. Nimevipiga chapa ofisini mpaka vidole vinauma. Usimkaribie pengwini. Usikanyage kuvumwani za miambani. Usitoe kitu katika vibanda vya wavumbuzi wa zamani, hata msumari. Nayajua yote kwa ghibu. Nimefika nyumbani, huku ugenini Thamesmead, soksi zimelowa. Kesho anarudi mdogo wangu Salum, mpishi wa meli ya watalii huko huko barafuni. Nina hamu naye.

Jumatano, 4 Machi
Salum kaniletea zawadi. Msafiri wa kwetu harudi mikono mitupu, na zawadi haikataliwi. Kikombe cha bati, ukingo umeliwa na kutu. Nikakiosha, nikakinywea chai. Ndipo nilipoona herufi zilizokwaruzwa kitakoni. Herufi hizo zimo katika orodha ya ofisini, ya vitu vya vibanda vile. Nimeiandika mwenyewe.

“Umekitoa wapi?”

“Kwenye kibanda. Mwenyewe kafa zamani, dada. Hamna mtu mule.”

Nikamzaba kofi. Mkono unaniwasha mpaka sasa.

Alhamisi, 5 Machi
Bado nina hasira. Wakati wa Mapinduzi tulikimbilia kwa shangazi. Tuliporudi, nyumba haina hata mlango. Baadaye Mama akaiona saa yetu ya ukutani, imetundikwa sebuleni kwa jirani. Hakugomba. Alimsalimu, akamwuliza, “Saa ngapi?” Akaenda zake. Jirani yule hakumtazama tena usoni. Salum alikuwa mchanga, lakini kisa anakijua, tumekua nacho.

Nikiripoti, huenda akafungwa. Nisiporipoti, mimi ni nani pale ofisini? Kikombe nimekitia katika kabati la vioo. Woga tu.

Jumamosi, 7 Machi
Wageni wamekuja kumpa pole ya safari. Mpumbavu kakitoa kikombe kabatini, kakipitisha mkono kwa mkono, anajisifu kakipata katika kibanda ambacho sheria imekifunga. Nilimfinya. Hakunyamaza. Mdomo huponza kichwa.

Jumanne, 10 Machi
Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umevimba.

Saa tisa mchana mtu kagonga. Muuzaji wa vitu vya kale, kaambiwa na mmoja wa wageni wetu. Anakitaka kikombe. Nikamwambia hakiuzwi. Akanisukuma mlangoni, akanipiga ngumi ya mdomo. Jino limetoka. Akavunja vioo vya kabati kwa kiwiko. Salum akatoka jikoni, wakakamatana, meza ikapinduka. Kisha nikaona kisu. Kikaingia tumboni kwa ndugu yangu, kikatoka. Damu nyingi.

Nikainyanyua mbuzi ya kukunia nazi kwa mikono miwili, nikampiga yule mtu begani. Nikampiga tena. Mfupa ulilia. Nilifurahi kuusikia, Mungu anisamehe. Ningeendelea kama jirani wa mlango wa pili asingeingia kunishika. Kikombe kilikuwa chini ya sofa, hakina hata kovu.

Ijumaa, 13 Machi
Salum yu hai. Kashonwa. Yule mtu kakamatwa, mkono kwenye bandeji. Sina huruma naye.

Polisi wanauliza kikombe kimetoka wapi. Nimesema nitajibu ofisini kwangu kwanza. Salum kanishika kidole kitandani kwake hospitali.

“Sema umekinunua sokoni, dada. Nikiandikwa jina, meli ndiyo basi.”

Sikumwahidi. Nimelia ndani ya basi, watu wakaangalia dirishani.

Jumatatu, 16 Machi
Nimekipeleka kikombe, nimekifunga katika kanga. Bosi kaniletea fomu ambayo huwa nawajazia wengine. Aliyechukua: jina kamili. Nimekaa nayo mpaka chai imepoa. Kuandika “hajulikani” kungekuwa rahisi. Nikaiona saa yetu ukutani kwa watu.

Nimeandika Salum, na jina la baba, na la babu. Kisha nikatia sahihi.

Jumatano, 18 Machi
Bosi kasema kikombe kitarudi na meli ya msimu ujao, kwenye rafu yake ile ile. Kanga kanirudishia, imekunjwa vizuri.

Mchana nimempelekea Salum uji wa mchele. Barua ya ofisi, yenye jina lake kamili, imeshamfikia, ilikuwa juu ya blanketi. Kaunywa uji wote. Nikamfuta mdomo, akaniachia. Nikaanza kukusanya vyombo.

Saa yake alikuwa nayo mkononi. Aliifunika kwa shuka, akanitazama.

“Saa ngapi, dada?”

Nikamwambia ni saa nane na robo.