Nimemvua Mjukuu Wangu Mkanda kwa Kidole Kimoja

Mpendwa mshauri Mwantumu, naomba msaada, lakini kabla ya huo msaada nikuseme kwanza, maana ukifika mwisho wa barua hii utaona mie ndiye wa kusemwa na hutakuwa na masikio tena ya kunisikiliza. Wewe mwanangu una haraka ya mdomo. Juma lililopita nilinunua vitumbua kwa jirani yangu Biasha hapa Maparoni, akanifungia katika ukurasa wako wa gazeti, nikala cha kwanza, nikala cha pili, kufika cha tatu nikaona chini ya mafuta pameandikwa "Bondia wa Delta", nikavaa miwani. Kijana analalamika kwamba bibi yake alimlisha mpaka akazidi uzito akavuliwa ubingwa, na kwamba kocha wake alimpa mzani mbovu, naye akamfukuza. Na wewe ukamjibu kwamba kumfukuza kocha alifanya vema, na kwa bibi asitie mguu mpaka siku atakayostaafu ngumi, kwa sababu wazee hawaelewi mambo ya michezo. Ulimuuliza nani? Kocha ulimsikia? Bibi ulimsikia? Hata hakimu wa mahakama ya mwanzo huwaita wote wawili, wewe umesikia upande mmoja ukagonga meza. Bibi huyo ni mie, Zamda binti Kondo, na kusoma nilijifunza ngumbaru nikiwa na mtoto mgongoni, kwa hiyo usidhani nimesomewa, nimesoma mwenyewe herufi kwa herufi.

Sasa sikiliza. Kijana huyo ni mjukuu wangu Twalha Yassin, nimemlea tangu mama yake alipofariki, hajaota hata jino, na mikono yake haikutulia tangu udogo, alikuwa akiyapiga magunia ya mpunga mpaka yanapasuka, nikimchapa anacheka, mwishowe kocha Muhidini wa Kibiti akamkuta bandarini Nyamisati anagombana na vijana watatu, hakuwaamulia, alisubiri wakamalizana kisha akamwambia, "Mkono wa kushoto unao, adabu huna, njoo nikupe." Akampa. Miaka sita alimfundisha nyuma ya nyumba yake, gunia la mchanga limening'inia kwenye mkorosho, mpaka Twalha akawa bingwa wa nchi.

Siku alipoutwaa mkanda tulikuwa mashambani, kila mtu juu ya dungu lake, kile kibanda cha miguu mirefu tunacholindia mpunga, nami redio nimeifungulia sauti yote ili majirani wausikie ukoo wangu, mtangazaji akasema, "Bingwa mpya wa uzito wa unyoya, Twalha Yassin." Unyoya. Nikadhani sikusikia vizuri. Biasha akapaza sauti kutoka dungu la pili, "Shoga, mjukuu wako ni bingwa wa nini?" Nikaipunguza redio sauti. "Wa unyoya? Basi mfunge jiwe mguuni, upepo ukija tutakwenda kumwokota Mafia." Mashamba yote yakacheka, siku hiyo ndege walikimbia mpunga bila ya kombeo. Mie mshauri nimelea watoto saba na wajukuu hata sijawahesabu, hakuna aliyetoka mikononi mwangu akaitwa unyoya, nikajiapia kwamba huyu akija nyumbani atarudi mjini na uzito wa mtu.

Akaja. Zimebaki siku kumi autetee mkanda wake palepale Kibiti, akasema, "Bibi, nimekuja kutulia, mjini kelele," mkononi ana mzani ule wa kukanyaga kwa miguu, kaazimwa na Muhidini, kila asubuhi aukanyage kisha ampigie kocha simu amsomee. Nikampakulia wali wa nazi na kamba, akasema, "Bibi, nipe samaki wa kuchemsha na matango." Matango. Mtu katoka safari. Nikamuuliza, "Twalha, unaumwa?" Akasema, "Natafuta kilo, bibi." "Kilo za nani?" "Zangu, hamsini na saba, nisizidi." Nikamwambia, "Kilo zako nazijua mie niliyekubeba." Mchana jua linachoma, yeye anavaa koti la mvua anakimbia kwenye tope maji ya bahari yakikupwa, nikajua hii homa, koti nikalificha ndani ya kilindo cha mpunga. Uji akataka mwepesi usio na kitu, nikaupika mwepesi, kisha nikatia tui zito la nazi mbili nikakoroga mpaka lisionekane, akanywa akasema, "Bibi, uji wako una nini, mbona mtamu hivi?" Nikasema, "Mikono." Haya ni makosa, nayakubali, lakini kwa haya peke yake nisingekuandikia, kila bibi anayafanya.

Nakuandikia kwa sababu ya mzani. Siku ya nne aliukanyaga asubuhi, akakaa kwenye jamvi akashika kichwa. "Hamsini na tisa. Imepanda, bibi, sielewi." Chai hakunywa, nami nikimwona mtoto wangu vile moyo haukai. Mie nimeuza kamba miaka arobaini, wanunuzi wanaokuja na majokofu ya barafu nawajua mmoja mmoja, na kila mzani una mahali pake pa kuibia, nipe wowote nitakuonyesha kabla hujaweka kikapu. Huu wa Muhidini una kigurudumu kidogo ubavuni. Twalha alipokwenda kuswali Alasiri nikakizungusha kwa kidole, kidogo tu, mshale ukarudi nyuma ya sifuri kilo mbili na nusu, nikaufunika kwa kanga. Yeye mzani mtupu hautazami, anatazama akishapanda. Kesho yake akaukanyaga, akacheka, akaninyanyua akanizungusha uani kama gunia la makapi, akapiga simu, "Kocha, hamsini na sita na nusu, maji yote yametoka mwilini kwa usiku mmoja." Nikamsikia Muhidini anajibu, "Safi, huo ndio mwili wa ujana. Sasa usikimbie tena, pumzika." Akapumzika. Akala. Nami nikaona nimetenda wema, furaha imerudi, kilo wanazozitaka wamezipata, nani kaumia?

Siku ya kupimwa nilikuwepo Kibiti, kiti cha mbele, doti mpya. Twalha akapanda mzani wa wakubwa, msimamizi akasoma, "Hamsini na tisa na nusu." Akashuka, akapanda tena, mshale palepale. Wakampa muda wa saa mbili apunguze, akavaa makoti mawili akaruka kamba juani, akatema mate ndani ya chupa, akarudi, bado kilo moja na nusu. Mkanda akavuliwa palepale mezani, hakuna aliyerusha ngumi hata moja. Akamgeukia Muhidini mbele ya watu. "Mzani wako mbovu, umeniuza." Muhidini akasema, "Mzani ule miaka sita haujanidanganya." "Basi wewe ndiye umenidanganya. Usinikaribie tena." Muhidini akatoa taulo begani, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya kiti, akaondoka. Mie nikatazama kucha zangu.

Kesho yake wakapigana hivyohivyo, raundi ya nne mpinzani wake, kijana wa Tanga, akalala chali, uwanja mzima ukasimama, lakini mkanda ukabaki mezani kama kanzu iliyokosa mwenyewe, kwa kuwa sheria yao aliyezidi uzito hapewi hata akishinda. Sasa wamempa nafasi ya kuugombania tena, wamemwambia ndiyo ya mwisho, yamebaki majuma saba. Kocha hana. Anajifundisha kwa video za simu huko Mbagala, juzi kanipigia, sauti yake kama ya mtu anayetembea na jiwe kiatuni, akasema, "Bibi, usijali, nakula kwa mama ntilie." Kwa mama ntilie, mshauri, na mie nipo hai. Muhidini nasikia amelishusha gunia lake la mchanga, mkorosho umebaki mtupu. Mzani, Twalha aliuacha kwangu, uko uvunguni mwa kitanda, nao kigurudumu sijakigusa tena.

Nikisema, Twalha atajua aliyemvua mkanda ni bibi yake, hatakuja tena kwangu, na Biasha na wenzake watajua kwamba Zamda, ambaye hakuna mnunuzi aliyewahi kumwibia kwenye mzani, naye kaiba. Nisiposema, mtoto anakwenda kupigana peke yake na kinyongo juu ya mtu asiye na kosa. Niambie nifanye nini, na usinizungushe.

Zamda binti Kondo,
Maparoni.

Mwantumu anajibu

Bibi Zamda, shikamoo. Umenisema na nimesemeka. Nilimsikiliza mmoja nikawahukumu watatu, na kocha Muhidini namwomba radhi hapahapa, katika ukurasa uleule nilimomponda. Langu limekwisha. Sasa zamu yako, kaa vizuri.

Unyoya si tusi. Katika ngumi watu hupangwa kwa kilo ili mtu apigane na wa kiasi chake, na kila kundi lina jina. Walio wepesi kuliko mjukuu wako wanaitwa kwa jina la nzi, na bibi zao wanatembea kifua mbele. Yeye katika nchi nzima, kwa kilo hizo, hakuwa na mtu wa kumweka chini. Mpazie Biasha sauti umwambie hivyo, kutoka dungu hadi dungu, na awe na uhakika mashamba yote yanasikia. Ungemuuliza Twalha mwenyewe siku ya kwanza, angekueleza kabla wali haujapoa, na leo ungekuwa unanitumia barua ya kujisifu.

Tui katika uji nakusamehe, mimi nami nina wajukuu na mikono yangu haijatulia. Koti pia nakusamehe, nimecheka sana pale kwenye kilindo. Mzani sikusamehe. Miaka arobaini umewatukana wanunuzi wa kamba, kisha ukatumia ufundi wao kwa mtoto wako mwenyewe. Na yule mnunuzi, bibi, usiku akilala husema vilevile, nani kaumia? Anaumia anayeuamini mshale. Ulimpa Twalha asubuhi chache za kucheka, akazilipa kwa mkanda wa nchi. Na lile la kucha ndilo lililoniuma zaidi. Mdomo ulioweza kunisema mimi kurasa zote hizi ulikuwa wapi Muhidini alipokuwa anakunja taulo lake? Ungelinyanyua neno moja pale kitini, mngeondoka wote watatu mmekasirika na wote watatu mko pamoja.

Unasema ukikiri, Twalha hatakuja tena. Kwani sasa anakuja? Umekwisha kumpoteza kwa kunyamaza, na huwezi kumpoteza mara mbili. Atanuna, ndiyo. Atapiga gunia la mtu mpaka lipasuke. Mwache, ni mtoto wako, unajua ananuna kwa siku ngapi. Na kina Biasha watacheka mavuno haya na yajayo. Ulivumilia unyoya, hili nalo utalivumilia, na safari hii watakuwa wanacheka kwa haki.

Usimwambie kwa simu, simu hukatwa. Na usimwite Twalha peke yake ukamlainisha kwa mahaba, aliyedhulumiwa kwanza ni Muhidini, kwa hiyo mbele ya Muhidini. Ukishakiri, mwombe kocha akuandikie katika karatasi kile Twalha anachotakiwa kula, kipimo kwa kipimo, kwa majuma haya saba. Kusoma unajua, umeniambia mwenyewe. Kisha mpikie wewe, samaki wa kuchemsha aliyetoka mikononi mwako si sawa na wa mama ntilie. Wali na kamba utampakulia siku ya pili baada ya pambano, na Muhidini awe wa kwanza kunawa mikono. Tena mfundishe huyo bingwa wako jambo ambalo makocha wote wawili wa maisha yake, wewe na Muhidini, mlisahau kumfundisha, kwamba mzani hutazamwa ukiwa mtupu kabla ya kupandwa. Hilo unalijua wewe kuliko mtu yeyote Kibiti.

Jumatano panda boti la asubuhi hadi Nyamisati, kisha gari hadi Kibiti, mzani umeupakata, kigurudumu kikiwa hivyohivyo ulivyokiacha. Mpigie Twalha ukiwa njiani, mwambie bibi yake yuko nyumbani kwa Muhidini na anamtaka, usiongeze neno. Wakae wote wawili mbele yako chini ya ule mkorosho. Weka mzani chini, waonyeshe mshale ulipolala kabla mtu hajapanda, kisha nyosha kidole chako na useme ndicho hiki. Ukimaliza kusema, kirudishe kigurudumu kwenye sifuri wao wakikutazama, mkabidhi Muhidini mzani wake na taulo jipya, na usiondoke mpaka lile gunia la mchanga lirudi kwenye tawi.

Na nazi, bibi, ziache nyumbani.