Maboma Matano, Ng'ombe wa Mtu Mmoja

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako nikiwa bado na pumzi ya kuufanyia kazi. Nina miaka sabini na minane, naishi Sombetini kwa mwanangu, figo zimechoka na daktari amenieleza bila kuzunguka kwamba nihesabu wiki, sio miezi. Kazi yangu ilikuwa bioinfomatiki, yaani kusoma vinasaba kwa kompyuta, na kwangu vilikuwa vinasaba vya ng'ombe. Nimechapisha makala sitini na mbili lakini inayojulikana ni moja, ya miaka kumi na minne iliyopita, iliyosema kwamba ng'ombe wa maboma matano magharibi mwa Mlima Meru, wasio na undugu wowote, wana alama moja ya urithi inayowakinga na ndigana kali, homa inayoletwa na kupe, na watafiti wenzangu wameinukuu zaidi ya mara mia nane, na wanafunzi wangu wamejenga kazi zao juu yake.

Mshauri, ng'ombe wale walikuwa wa mtu mmoja. Kwetu mtu humpelekea rafiki ng'ombe amtunzie, na mtunzaji akiulizwa na mgeni mwenye fomu husema ni wangu, maana kutaja mali ya rafiki mbele ya wageni ni kumvua nguo. Mimi ni Mwarusha, nimekua nikinywa maziwa ya ng'ombe wa namna hiyo, ila siku ya kuchukua damu ya ng'ombe wale nilibaki garini nikaziamini fomu. Aliyegundua ni msaidizi wangu Naeku, aliyeingia majikoni kuzungumza na akina mama.

"Prof, hawa wote ni uzao wa dume moja la mzee Yiamat," aliniambia ofisini, "na kompyuta inasema hivyohivyo. Alama yenyewe ni ya ukoo tu. Wamepona kwa sababu mzee anawalazimisha watunzaji wote waogeshe ng'ombe kwa dawa ya kupe kila wiki."

Nikamjibu, "Naeku, nilikutuma damu au umbea?" Ofisi nzima ikacheka, yeye hakucheka. Niliondoa kwenye makala jedwali lake lililoonyesha undugu wa ng'ombe hao, alipolalamika nikaondoa na jina lake. Aliacha utafiti, sasa anauza mbegu na dawa za mifugo Kikatiti.

Ningekufa na siri hii, lakini mwezi ujao mradi mmoja unagawa madume yenye alama ile kwa wafugaji wa Kikwe, na wameshaanza kuambiwa wapunguze kuogesha. Nilimweleza mwanangu Lesian, ambaye naye ni mhadhiri, akanijibu akiwa mlangoni. "Baba, wewe utapumzika, mimi nibaki nachekwa chuoni? Andika, funga bahasha, tutaifungua baada ya mazishi." Je, nimsikilize?

Profesa mstaafu, Sombetini

*

Shikamoo, mzee wangu. Pole na maradhi, na pole yangu inaishia hapo, kwa sababu muda wako ni mfupi na una kazi.

Fomu ilikuwa kosa, na kosa lile angeweza kulifanya yeyote. Lakini tangu Naeku alipofungua mdomo, hukukosea tena. Ulidanganya, ukijua, na ukamtoa kwa kicheko binti aliyefanya kazi uliyopaswa kuifanya wewe. Usilipambe.

Bahasha ya Lesian haifai. Wahariri wa jarida watauliza jedwali liko wapi, nani aliliondoa, sampuli zipi ni za nani. Marehemu hajibu. Watu watasema mzee alichanganyikiwa na ugonjwa, au Naeku amemsingizia aliyelala, na makala itaendelea kunukuliwa. Ukiwa hai, neno lako linamaliza ubishi.

Lesian atachekwa, ndiyo. Atachekwa akiwa na kazi yake. Naeku alichekwa akapoteza yake. Mwambie hivyo, kisha mpe kompyuta akuandikie barua ya kuliomba jarida liiondoe makala. Eleza ulichofanya kwa sentensi fupi, utie sahihi mbele ya mashahidi wawili, na uambatishe jedwali la Naeku kama bado unalo.

Kabla jina la Naeku halijaingia kwenye barua hiyo, mpigie umuulize kama analitaka humo. Mwambie ulichomfanyia, usimwambie unaumwa. Akitaka kukutukana, msikilize mpaka mwisho. Asipopokea, mwandikie ujumbe, wala usimtumie mchungaji wa kanisa kumbembeleza. Hana deni la kukusamehe kwa sababu wewe unaondoka.

Lakini hayo yote yanakuja baada ya simu moja. Mtafute mkuu wa mradi wa madume umwambie: "Alama ile haikingi kitu, wafugaji waendelee kuogesha." Ni maneno machache, na hata aliye kitandani anaweza kuyasema. Usisubiri upate maneno mazuri zaidi. Leo hii yuko mfugaji Kikwe anayeacha kuogesha ng'ombe wake kwa sababu profesa alisema.

Evaresta, mshauri wako